Kahawa Inapobisha Hodi

Mwezi uliopita nilipanda mlimani Werugha kumzika jirani yetu wa zamani, na baada ya mazishi nikapewa kahawa ya kopo. Sisemi kwa dharau, rafiki yangu. Waliotupokea walikuwa wajukuu wa marehemu, vijana waungwana, na walitupangia mezani thermosi ya maji moto, kopo, sukari na vijiko, kila mtu ajikorogee. Nilikoroga, nikanywa. Nilijua ni kahawa kwa sababu kopo lilisema hivyo. Nikatazama huku na huku nikitafuta mtu wa kuangaliana naye, mtu wa kuniambia kwa macho tu kwamba na yeye anakumbuka, na sikumpata. Wenye kukumbuka tumeshawazika, na wa mwisho wao tulikuwa tumetoka kumfukia saa ile ile.

Kwaya iliimba vizuri, nadhani. Watu wa siku hizi huimba kama wanaoogopa kuamsha mtoto, na mhubiri naye alikuwa wa kunong'ona, hata nikaondoka sijui somo lilikuwa lipi. Nikapita uzio wa nyasi za ng'ombe kwenda kuliangalia shamba la nyanya yangu, mama yake mama, ambako nililelewa. Matuta yaliyokuwa na kahawa toka mlangoni hadi kijitoni sasa ni kabichi na miparachichi. Kahawa iling'olewa miaka mingi iliyopita, bei ilipoanguka na watu wakachoka kupalilia kitu kisicholika. Nilikuta shina moja tu, nyuma ya palipokuwa na choo, limejiotea lenyewe. Matunda yake yalikuwa yamekaukia mtini, meusi, hayana mwenyewe. Nikayachuma, nikayafunga kwenye pindo la leso, nikashuka nayo Voi kwenye joto na vumbi langu.

Nikikuambia kwamba harufu ya utoto wangu ni kahawa utafikiri nilikulia kwa matajiri. La. Kule kwetu watu wengi walilima kahawa bila kuijua ladha yake. Ile nyekundu nzuri ilipelekwa kiwandani, na iliyobaki, ile iliyochelewa kuiva au iliyodondoka, ndiyo iliyokuwa yetu. Nyanya aliianika kwenye mkeka siku za jua, na Werugha jua ni mgeni. Likija unaacha kila kitu ulichokuwa ukifanya. Ukungu ukishuka tulikimbia na mkeka ndani. Ikikauka hadi ukiitikisa inalia kwa ndani, tuliitwanga kwenye kinu kuondoa maganda, tukaipepeta kwenye ungo, tukabaki na punje za rangi ya majivu zisizonukia kitu. Mtu asiyejua angewapa kuku.

Kukaanga kulikuwa kwa nyanya peke yake. Alikuwa na kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika kabla sijazaliwa, na hakukubali kukaangia sufuria hata uje na sufuria mpya ya dukani. Alikiweka kwenye mafiga, akachochea kuni kidogo kidogo, na kigae kilipopata moto akamwaga punje na kuanza kukoroga kwa mwiko wa mti. Kuanzia hapo nyumba nzima ilinyamaza. Hii ndiyo iliyokuwa desturi yake, na mlima wote uliijua. Ukifika kwa nyanya ukaona moshi wa kahawa unatoka paani, hupigi hodi. Unaketi kwenye jiwe la nje, na maneno yako unayameza, hata kama umekuja na habari ya ng'ombe kuzaa pacha.

Maana nyanya hakukaanga kwa macho. Alisema macho hudanganywa na moshi na pua hudanganywa na njaa. Alikaanga kwa masikio. Punje zikifika wakati wake hupasuka, ta, kisha kimya kidogo, kisha ta, ta. "Hapo kahawa imebisha hodi," alisema. "Ukiifungulia, itakuwa mgeni wako. Ukiichelewesha, inaondoka na kukuachia makaa." Zikishabisha alikoroga kidogo tu, kiasi cha mtu kusema Baba Yetu bila haraka, akaepua na kumwaga zote kwenye ungo, akazirusha zipoe. Hapo ndipo waliokaa kwenye jiwe walipopiga hodi zao, na sisi tukaruhusiwa kucheka na kukohoa.

Kisha kinu tena, kisha maji, tangawizi ya kuponda, na kikombe kwa kila aliyeko. Yeye mwenyewe alikunywa baada ya wote. Mkaangaji hunywa mwisho, alisema, na hakuna siku niliyomwona akionja kabla.

Sasa uelewe kazi hii ilikuwa na maana gani kwake. Nyanya alikuwa mjane, mwenye binti mmoja aliyeshuka Voi kuuza mboga sokoni, na shamba lake lilikuwa vipande vya matuta tu. Hakuwa kiongozi wa kanisa wala mke wa mtu mkubwa. Lakini palipotokea msiba kwenye mlima wetu, wafiwa walimletea kahawa yao kavu aikaange, ya kunywewa na waliokuja kuomboleza. Watu walitazama paa la nyanya, wakiuona moshi wakasema, basi, msiba umeanza. Siku hizo alivaa leso safi na kutembea amenyooka. Nilikuwa mtoto, lakini hata mimi niliona kwamba siku hizo yeye ni mtu zaidi.

Siku moja ya manyunyu tulikuwa wawili tu jikoni. Nilikuwa darasa la tano au la sita hivi. Punje zikabisha, ta. Nikainua macho. Zikabisha tena, zikaongezana, na nyanya akaendelea kukoroga, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri. Nikadhani ananipima kama nitanyamaza. Moshi ukawa mzito, ukaanza kunichoma macho, na bado alikoroga. Nilipoona hapana, nikamvuta leso. Alishtuka, akatazama kigae, akakinyakua kwa matambara. Punje zilikuwa nyeusi tititi. Akazipeleka nyuma ya nyumba akazimwaga, yeye ambaye hata maji ya kuoshea mchele hakuyamwaga bure. Aliporudi hakunitazama.

"Nilikuwa naangalia moto tu," akasema.

Wiki iliyofuata, kabla ya kuwasha, alisogeza kigoda changu kushoto kwake. "Leo keti hapa. Zikibisha hodi, niguse bega. Mimi nitaangalia moto." Mtoto hujua zaidi ya anavyodhaniwa. Nilishaona jinsi anavyotazama midomo ya watu wanapozungumza. Kanisani alikuwa akimaliza ubeti peke yake wakati wengine wako katikati, na watoto wenzangu wakibana vicheko. Toka siku hiyo niliketi kushoto kwake, mkono wangu karibu na bega lake, sauti ya kwanza ikilia namgusa. Naye alitikisa kichwa kidogo, kama ambaye angeisikia hata hivyo. Kahawa yake ikawa ile ile. Watu waliisifu, nami moyo uliniruka kwa fahari nisiyoweza kumwambia mtu.

Lakini siri ya masikio haifichiki kama siri ya mdomo. Jirani yetu, huyu tuliyemzika mwezi uliopita, alikuwa mwanamke aliyeolewa kutoka Mghange, mwenye sauti kubwa na hasira za haraka, na alipenda kuanza siku kwa salamu ya kupitisha uzio. "Kwawuka!" angeita, na nyanya aliyempa mgongo akipalilia angeendelea kupalilia. Ukifanyiwa hivyo asubuhi moja utasamehe. Ukifanyiwa mwezi mzima unaanza kutafuta umekosa nini. Siku moja alinikamata kijitoni nikiteka maji.

"Hebu niambie wewe mtoto. Nyanyako nimemkosea nini?"

"Hakuna, nyanya." Nilimwita hivyo na yeye pia, kwa heshima.

"Hakuna? Mtu namsalimia mpaka koo linakauka! Au ni hiyo kahawa ya matanga imempa kichwa kikubwa? Mwambie kahawa hata mimi naweza kukaanga."

Nilisimama pale maji yakifurika kwenye debe. Neno moja tu lingemtetea nyanya, nalo hilo hilo lingemnyang'anya kazi yake, kwa maana nani angempelekea kahawa ya msiba mkaangaji asiyesikia? Nikanyamaza. Jirani akaondoka akinung'unika, na toka siku hiyo akaacha kusalimu. Nyanya aliliona hilo, maana macho yake yalikuwa mazima, na likamuuma bila kujua limetoka wapi. Jioni moja akaniuliza, "Huyu jirani yetu tumemfanya nini?" Nikajitia kutafuta kuni. Uzio ukabaki kimya pande zote mbili.

Kisha mama akapanda kunichukua. Alikuwa amepata chumba kizuri zaidi Voi, alitaka nimalizie shule ya msingi kule karibu naye. Ilikuwa haki yake, na mtoto gani hataki kwenda mjini? Mimi sikutaka. Nililia hadi mama akakasirika, akaniuliza ni kitu gani cha ajabu kilichoko Werugha zaidi ya baridi. Nilitaka kumwambia, kisha nikamwona nyanya amesimama nyuma yake, akinitazama mdomo.

Asubuhi ya kuondoka, mama alipotoka kufunga mizigo, nilimshika nyanya mkono nikasema polepole, nimemkabili usoni, "Nani atakugusa bega?"

Akanicheka. "Kahawa ilinijua mimi kabla yako," akasema. Akanifungia kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kwenye jani la mgomba, nikashuka.

Voi ilikuwa jua, marori na watu wasioamkiana. Kila harufu ya kitu kinachoungua ilinifanya nifikirie jikoni kule. Miezi kadhaa ikapita, kisha habari ikashuka kwamba mume wa jirani amefariki. Mama akafunga kibanda chake sokoni, tukapanda kwa mazishi. Njiani nilikuwa na swali moja tu, na nilimwomba Mungu jirani awe amekaanga kahawa yake mwenyewe kama alivyojigamba.

Tulifika moshi umeshaisha. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai, na nyanya, amevaa leso yake safi, alikuwa akimimina. Nilipokea kikombe nikajua kabla hakijafika mdomoni. Kahawa ilikuwa imeungua. Sisemi imekolea, nasema imeungua, majivu matupu, chungu hadi ukakunja ulimi.

Niliwatazama watu. Rafiki yangu, nimeona mambo mengi mazuri maishani, lakini sijui kama nimeona zuri kupita lile. Walikunywa. Wazee waliokuwa wepesi wa kulalamikia chumvi walikunywa. Wanakwaya walikunywa. Wote walijua desturi ya nyanya, wote walijua ladha yake inavyotakiwa kuwa, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyanya alipita akiwaangalia nyuso, maana nyuso ndizo alizozisikia, na kila uso aliuona umetulia. Alipofika kwa mfiwa, jirani yetu akamaliza kikombe chake chote, akakinyoosha tena. "Chawucha," akamshukuru, na kumshika kiganja. "Niongeze."

Nikadhani limepita. Nilisahau kwamba mkaangaji hunywa mwisho. Watu walipotawanyika, nyanya aliketi kwenye ngazi ya jikoni, akajimiminia kilichobaki. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alipiga funda moja, akakaa nalo mdomoni. Kisha akameza, akainua macho kutazama mabenchi matupu na vikombe vilivyokaushwa hadi chini.

"Wamekunywa majivu," akasema. "Wote."

Sijamwona nyanya akilia kabla ya hapo wala baada yake. Nilimkumbatia nikalia na mimi. Tuliporudi nyumbani alikiosha kigae, akakilaza kifudifudi juu ya dari, akakisukuma mbali, mahali mkono wake usipofika.

Nilirudi Voi nikijua mambo yamekwisha. Likizo ya Aprili nilipopandishwa tena, nilikuwa bado chini njiani, kwenye kona ya mikalitusi, nilipoinusa. Mwanzoni nilifikiri ni hamu yangu. Nikakimbia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, moshi unatoka, na kwa mazoea sikupiga hodi. Nikachungulia. Nyanya alikuwa kwenye mafiga akikoroga, kigae kimeshushwa kutoka darini. Kushoto kwake, kwenye kigoda changu, ameketi jirani, kimya kabisa, yeye ambaye sauti yake ilivuka mabonde, mkono wake ukiwa karibu na bega la nyanya. Kahawa ikabisha, ta. Akamgusa.

Nitakuambia ukweli, niliona wivu kwanza. Furaha ilikuja baadaye, ikanizidi nguvu.

Kahawa ilipopoa, jirani akanigeukia. "Usinitazame hivyo, mwenye kigoda. Ulijua na ukanyamaza, ukaniacha nichukie bure mwaka mzima."

"Ulijuaje, nyanya?"

Akashusha sauti, ingawa hakukuwa na haja. Alisema siku mumewe alipokata roho, mlango wa kwanza aliokimbilia ni wetu, kwa kuwa ugomvi ni ugomvi lakini jirani ni jirani. Alimkuta nyanya amempa mgongo, anachambua maharagwe. Akapiga ukemi mlangoni pale, ukemi wa kufiwa, na nyanya akaendelea kuchambua. Akalia tena, na maharagwe yakaendelea kuanguka kwenye ungo, moja moja.

"Hakuna kiburi cha kutosikia kilio kile," akasema. "Hapo nikajua. Nikasahau hata kulia, nikamwendea nikamshika."

"Na bado ukampa kahawa ya msiba akaange?"

"Nilijua itaungua," akasema jirani. "Ningempa nani mwingine?"

Walikaanga hivyo wawili kwa miaka, misiba na sikukuu, hadi nyanya alipolala akakataa kuamka. Kahawa ya msiba wake jirani aliikaanga peke yake, na naapa haikuungua. Baadaye matuta yakang'olewa kahawa, kigae kikavunjwa na mbuzi, watu wakaanza kuleta kopo kwenye misiba kwa kuwa ni haraka. Sina ninayemlaumu. Lakini nakaa nikijiuliza siku hizi mtu akikosea mbele ya watu, ni wangapi watakinywa kikombe chake hadi chini bila kumwambia, na bila kumpiga picha.

Jumapili iliyopita nilizifungua punje zangu kutoka kwenye leso. Nilizimenya kwa mawe mawili, nikazipeta kwenye sahani, nikaweka kikaango kwenye meko ya gesi. Binti yangu wa mwisho alikuwa kwenye kochi na simu yake. Nikamwambia azime televisheni.

"Imezimwa tangu asubuhi, Mum."

"Basi nyamaza, nasikiliza."

Nikakoroga. Niliwaza kigae, jiwe la nje, ukungu ukipita mlangoni. Marori ya barabara kuu yalikuwa kimya siku ile, hata nikashangaa. Nilingoja ile sauti ya kwanza. Nilijiambia punje zimekaa sana mtini, pengine zimezeeka, pengine gesi si kuni, hazibishi kama zamani. Nikaendelea kukoroga na kungoja. Nilingoja kwa moyo wangu wote.

Mkono ukanigusa bega. Binti yangu alikuwa amesimama kushoto kwangu, na kwa uso wake nilijua ameniita zaidi ya mara moja.

"Mum, si zinapasuka kitambo? Zinalia hivi mpaka nazisikia kwa kochi."

Nilitazama kikaango. Punje zilikuwa nyeusi, moshi mzito umenifika machoni, na jikoni mwangu palikuwa na ukimya mzuri, mkubwa, usio na ta hata moja. Nikazima gesi. Yeye alikuwa bado ananitazama, mkono haujatoka begani.

"Nasikia," nikamwambia. "Nilikuwa naangalia moto tu."